Kiti cha Mama Mkwe Nyuma ya Pikapu

Nilikwenda Ushirombo kumchukua mama mkwe. Mke wangu Kabula alikuwa na mimba ya kwanza, ya shida, na nesi alishamkataza kubeba ndoo na kuinama shambani. Mimi nashinda barabarani na mizigo ya watu, na nyumbani kwetu Samuye hakuna mtu mwingine. Kabula alisema neno moja tu: "Namtaka mama." Siku nilipomkuta kisimani, ndoo iko kichwani na mkono umeshika kiuno, niliogopa kweli.

Shida ilikuwa gari. Pikapu yangu ina kiti cha mbele peke yake, na kwetu Wasukuma mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Basi nalo mama haliwezi; alishajaribu kuja nalo, akatapika njia nzima, akateremka Masumbwe na kurudi kwao. Kumpa mtu mwingine aendeshe? Hapo majirani wangecheka, maana wanajua ufunguo wangu hauazimwi. Basi nikaamua kumtengenezea mama chumba chake huko nyuma.

Samuye. Kabla ya kuondoka nilikata vyuma vya kitanda kibovu, fundi akaniunganishia fremu juu ya bodi, nikaifunika kwa turubai nililokuwa nafunikia mpunga. Kipande kilichobaki kikawa ngazi ya kupandia, kingine mshikio. Sikununua kitu isipokuwa rangi, nayo ilikuwa ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Niliondoka jua likichomoza, Kabula akiwa amesimama mlangoni.

Isaka. Pikapu tupu inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Springi zake zimezoea magunia. Nikasimama, nikajaza mchanga kwenye viroba, nikavilaza juu ya ekseli ya nyuma, kisha nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi. Gari likatulia. Kama una pikapu na hujawahi kujaribu viroba vya mchanga, jaribu kabla ya kumpelekea fundi fedha zako.

Kahama. Hapa kuna wauza vyuma chakavu wanaopata vitu kutoka migodini. Nilitaka mpira wa kutandika kwenye bodi, ule mkanda mnene unaobeba mawe kwenye mitambo. Ukiisha kazi kule, huku bado una maisha marefu. Muuzaji aliukata kwa kisu alichokuwa anakilowesha maji.

"Unabeba nini, ng'ombe?" akaniuliza.

"Mama mkwe."

Akaacha kukata. "Basi chukua na kiti, kaka. Mkwe hatandikiwi mpira kama ndama."

Alikuwa na kiti cha basi dogo lililokufa, sponji nzima, mkanda wake upo. Nikakifunga kwa bolti mbili zilizopenya mpaka chini ya bodi, nikakielekeza mbele ili mama aone njia. Nikakaa, nikajitikisa. Nilijiona mkwe bora wilaya nzima.

Ushirombo. Nilifika mchana. Nilisimama mbali na mlango kama inavyotakiwa, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," ikajibu sauti ndani. Aliyetoka ni Masanja, kaka yake Kabula, anayefanya udereva wa kibarua kwenye malori ya kokoto. Alizunguka gari mara mbili, akaupiga mpira kwa kisigino.

"Shemeji, hii ni nyumba kabisa," akasema.

Asubuhi yake tukapakia michembe ya viazi vitamu, karanga na kuku wawili. Mama akapanda kwa ngazi yangu, akashika mshikio wangu, akakaa kwenye kiti changu. Moyo ulinijaa. Nikaingia mbele, nikawasha gari, nikainua macho kwenye kioo cha ndani nitazame nyuma.

Mama mkwe alikuwa humo. Uso mzima, macho kwa macho.

Nikageukia dirisha la pembeni haraka, lakini tayari alishajifunika kanga na anashuka. Akili yangu yote iliishia kwenye bolti, nikasahau kwamba nyuma ya kichwa changu kuna dirisha na mbele yangu kuna kioo.

"Masanja," akasema, akiwa amenipa mgongo, "mwambie mkwe nashukuru. Lakini nitatazamana naye mpaka Samuye?"

"Nitaweka kitambaa dirishani," nikasema.

"Mwambie, na akitaka kujua nyuma kuna nini, atatazama wapi?"

Nikajaribu kukigeuza kiti. Bolti zikagoma, nilizikaza mwenyewe kwa nguvu zote. Mama akaanza kushusha kuku wake. Nilipoona kapu la pili linashuka, nikamwona Kabula akilini, na ile ndoo kichwani.

Nikamtupia Masanja ufunguo. "Mwendo wa taratibu," nikasema, nikapanda nyuma.

Njia ya kurudi niliifanya kwenye kiti cha mama, na mkanda nilifunga. Mpira ulikuwa mzuri, viroba vilifanya kazi. Ila turubai lililo wazi nyuma hunyonya vumbi lote la barabara, jambo ambalo dereva halioni kamwe. Kwenye kila mchepuko wa ujenzi nilikula udongo na manyoya ya kuku. Masanja, sina budi kusema, aliendesha vizuri kuliko mimi.

Kahama trafiki akatusimamisha. Akatazama mbele, akaja nyuma.

"Wewe ni nani huko?"

"Mwenye gari, afande."

"Mbona mwenye gari amekaa na kuku?"

"Mbele yuko mama mkwe."

Akarudi kumtazama mama kwa mbali, akakohoa kuficha kicheko. "Nyuma hapana ruhusa kupakia watu. Ila na mbele huwezi kukaa." Akafikiri. "Nendeni. Polepole. Mkifika, usirudie."

Samuye tulifika jua likiwa bado juu. Kabula alitoka na ndoo mkononi. Akamwona mama yake anashuka, kanga safi, hana hata doa. Akamwona Masanja kwenye usukani, akashangaa. Kisha akaniona mimi, mwekundu mpaka kope, na akacheka hadi akashika ukuta. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mimba ianze kumsumbua.

Mama akamnyang'anya ndoo bila salamu.

Tangu hapo nimeshona pazia la nyuma, na kiti nimekigeuza. Nimejifunza pia kwamba anayetengeneza kiti cha mtu mwingine akikalie kwanza, na si kwenye uwanja wa chuma chakavu, bali safari nzima. Nilikuwa najipangusa vumbi, nikifikiri hayo, mama aliposema bila kugeuka:

"Masanja, mwambie mkwe kiti chake nimekipenda. Siku ya kunirudisha, akae palepale."