Kibao Chini ya Viatu vya Mtoto

Mfagizi wa yale makumbusho madogo ya Wyoming, Marekani, yenye magari ya ng'ombe yaliyowapeleka wahamiaji Wazungu magharibi, huanza kazi kwa kukunja mikono ya shati mara tatu, kama anayekwenda kuchinja. Kila kioo hukipulizia pumzi kwanza, ndipo akakisugua kwa vidole vyenye makovu ya sindano, maana yeye ni Mshoshone, wa kabila la wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na bibi yake alimfundisha kushona ngozi kabla hajajua kusoma. Lakini akifika kwenye viatu vya ngozi vya mtoto, husafisha kioo chote, kibao cha maelezo kilicho chini yake hakigusi. Jana mgeni mmoja, mwanamke wa kofia pana, alikipangusa vumbi kwa kidole akasoma kwa sauti: "'Vilishonwa njiani na mama mhamiaji.' Jamani, mama hodari huyu!"

Mfagizi akabwaga ndoo, maji yakaruka. "Mama yupi? Huo mshono ni wetu! Hao wahamiaji walifika hapa peku, soli zimekwisha, wakatupatia shati, nasi tukawapa viatu. Aliyepewa kaandikwa, aliyeshona je?"

Bwana Halvorsen, msimamizi, akaja mbio. "Taratibu, mama, huyo ni mgeni." Kisha macho yake yakaangukia kibao. "Na hapa mbona hapafutwi?"

Mfagizi akakamua kitambaa mpaka tone la mwisho. "Umeniajiri kufuta vumbi, bosi. Wa kung'arisha uongo, tafuta mwingine."