Kichochoro cha Uongo Nyuma ya Soko la Burma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kudanganya. Meneja wetu, mtu wa tai fupi na maneno mafupi zaidi, alinikalisha kwenye meza ya kuchorea akasema, "Kijana, chora Nairobi yote sawasawa. Halafu weka kichochoro kimoja ambacho hakipo."

Nikadhani ananipima akili. Kumbe ndiyo desturi. Nyinyi wa simu hamjui: wakati huo karakana yetu ilichapa ramani za jiji kwenye vitambaa vya mkononi. Mawakala wa mauzo, madereva wageni na watalii walivikunja wakavitia mfukoni. Mvua ikinyesha haviraruki, na jasho likikutoka unajipangusa. Vilinunuliwa sana, kwa hivyo viliigwa sana. Kichochoro cha uongo kilikuwa mtego. Ukikiona kwenye kitambaa cha mtu mwingine, ujue amenakili chako. Mimi changu nilikiweka nyuma ya Soko la Burma, kati ya bucha na bucha.

Mchapaji alikuwa Wafula, jirani yangu wa Ziwani. Alibana kitambaa chini ya fremu yenye wavu mwembamba, akamwaga wino, akaukwangua kwa kipande cha mpira hadi mitaa ikatokea chini. Kila toleo jipya alichapa kwanza kitambaa kimoja tu cha majaribio. Meneja alikipeleka nyumbani kwake kikafuliwe, tuone kama rangi inatoka.

Toleo la kwanza lenye kichochoro changu hatukuwa tumeuza hata kipande. Nikaenda Burma kula nyama, mchuuzi akapita na vitambaa vya ramani. Nikafungua kimoja. Lo! Kichochoro changu hicho, kimetulia. Nikakinunua, nikakipeleka kazini mwenyewe.

Meneja hakuuliza mawili. Alimwita tajiri, mwenye karakana, akaninyooshea kidole. "Kichochoro ni chake huyu. Nani mwingine angekitoa nje?" Tajiri akanipa hadi Ijumaa nijitetee, la sivyo niende zangu. Nyumbani mke wangu alikuwa amejifungua juzijuzi, na tulitegemea mshahara wangu tu.

Wiki ile nilimshuku kila mtu. Hata Wafula! Tukitembea kurudi Ziwani nilikuwa nikichungulia mifuko yake. Siku moja akasimama barabarani. "Wewe, uliza tu. Kunikodolea macho hivyo, kwani nimekula mtoto wako?" Nikaona haya, lakini shaka haikunitoka.

Ijumaa nilitandaza vitambaa viwili mezani mbele ya tajiri na meneja, chetu na cha mchuuzi. Hapo ndipo nikaona. Kwenye chetu Jogoo Road ilinyooka. Kwenye cha mchuuzi ilipinda, na mitaa yote ya upande ule ilikuwa imelalia kushoto, vile pamba inavyovutika ikiloweshwa na kukamuliwa. Aliyenakili alifuata mstari kwa mstari, pamoja na kombo la maji.

"Tajiri," nikasema, "hiki kimenakiliwa kutoka kwa kitambaa kilichofuliwa. Na kilichofuliwa ni kimoja tu."

Tajiri akamgeukia meneja. "Kiko wapi?"

"Kilipotea kwenye kamba ya nguo," meneja akajibu, huku akilegeza tai.

Hakurudi baada ya chakula cha mchana. Mimi nilibaki na kazi, lakini tajiri hakumwamini mtu tena. Aliweka soja langoni, na kila jioni sote tulipapaswa mifukoni, hata mimi niliyemfichulia mwizi wake. "Jana alikuwa yeye," aliniambia. "Kesho nitajuaje si wewe?" Mameneja walikuja wakaenda, nikahamia Buruburu, nikapandishwa hadi mchoraji mkuu. Kupapaswa kukabaki.

Siku ya kustaafu nilipewa zawadi, kitambaa cha toleo la mwisho ndani ya bahasha. Langoni soja akakitoa mfukoni mwangu. "Mzee, kibali cha kutoa mali kiko wapi?" Kibali sikuwa nacho. Akakichukua. Niliumia jamani, na mpaka leo naumia.

Siku hizi mjukuu wangu hunifungulia ramani kwenye simu tukienda Burma. "Babu, si ufuate tu hiyo laini ya bluu!" Nami humwuliza uongo wao wameuweka wapi, naye hucheka. Akitaka kuona kazi niliyoifanya maisha yangu yote, namtolea kitambaa cha pekee nilicho nacho. Ni kile cha mchuuzi, Jogoo Road imepinda.