Nilivyobuild interpreter ya mwalimu wangu kwenye Windows, kisha nikamficha kosa lake

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe mwaka huu, sijasimuliwa na mtu. Nitayaeleza yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Usoke. Shule yetu ilipata kompyuta sita, zote zina Windows ya kisasa, nikakabidhiwa kidato cha kwanza niwafundishe programming.

Shida ikawa lugha. Mwanafunzi anajua kabisa anataka kompyuta ifanye nini, ila akikutana na "while" na "else" anaganda. Kipindi kinaishia kwenye kutafsiri.

Nikamkumbuka Mwalimu Ng'wandu wa Bukene, aliyenifundisha hesabu. Enzi hizo alitunga lugha yake ya programming kwa maneno ya Kiswahili: ANDIKA, KAMA, RUDIA. Interpreter yake, yaani programu inayosoma hayo maagizo na kuyatekeleza, aliiandika peke yake kwa C. Mimi programming nilianzia hapo.

Nikampigia. Amestaafu, anaishi na binti yake, Sesilia. Presha ya macho imemaliza kuona kwake kote. Kompyuta yake ilishakufa, lakini source code, yaani maandishi ya programu yenyewe, ilikuwepo kwenye flash, na Sesilia akanitumia kwa email.

Mwalimu alisema angependa kuisikia ikifanya kazi tena, isije ikazikwa naye.

Nikadhani ni kazi ya siku moja.

Compiler, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa programu ya kuendesha, ikakataa hata kuitika. Nikahangaika mpaka nikagundua kwamba kwenye Windows lazima ufungue command prompt (dirisha la kuandikia amri) yake maalumu, si ile ya kawaida. (Mnaoanza, shikeni hilo.) Kisha ikalalamika kuhusu mafaili ya zamani ambayo hayapo tena. Nikaweka mengine badala yake, moja moja.

Siku ya tatu build ikapita. Kulikuwa na rundo la warning za njano, yaani maonyo ya compiler, sikuzisoma. Nani anasoma warning?

Nikaandika programu ya mstari mmoja, ikajibu. Nikaweka RUDIA, interpreter ikajifunga yenyewe, kimya, bila error yoyote.

Nikalaumu antivirus, nikaizima. Nikalaumu Windows, nikaweka upya. Wiki nzima ikapita hivyo, huku wanafunzi wakiniuliza lini.

Mwisho nikarudi kwenye zile warning. Zote zilisema kitu kimoja: anwani ya kumbukumbu ya kompyuta (memory) inakatwa. Mwalimu alikuwa anahifadhi anwani kwenye "long", aina mojawapo ya namba za C. Kwenye kompyuta yake ya 32-bit zilikuwa zinaenea. Kwenye Windows ya 64-bit anwani imekuwa ndefu, ila long imebaki fupi ileile. Nusu ya anwani inapotea, programu inakwenda pasipo na kitu, inaanguka.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la Mwalimu. Tena lilitapakaa kila mahali.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilijiuliza, huyu mzee haoni, amebakiza kazi hii moja ya kujivunia, nimpigie nimwambie ameikosea? Nikabuild kwa 32-bit. Ikafanya kazi bila kugusa mstari wake mwingine hata mmoja. Nikapanda treni kupitia Tabora hadi Bukene nikiwa na laptop, nimeshapanga la kusema.

Nilimkuta amekaa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaulizia shule. Sesilia akaleta uji wa ulezi. Nikawasha laptop, nikaweka vidole vyake kwenye keyboard. Akaandika RUDIA yake kwa kupapasa, namba zikashuka, nikawa namsomea. Akatabasamu.

Kisha akauliza tatizo lilikuwa nini.

Nikasema ni mambo ya Windows tu, Mwalimu, nimeshayaweka sawa.

Akauliza, "Umeibuild ya thelathini na mbili?"

Nikakubali.

"Basi niliweka anwani kwenye long."

Wakuu, sikuwa na pa kuficha uso, japo hakuwa akiniona. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilijua tangu Usoke.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema taratibu, "Mwanangu, macho yameondoka, akili bado ipo. Ukinificha kosa langu, umeniondolea na hiyo."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nifungue faili la code linaloshughulikia kumbukumbu ya kompyuta.

Tulifanya kazi kuanzia asubuhi ile hadi alasiri. Mimi nasoma mstari, yeye anasema badilisha au acha. Faili zima lilikuwa kichwani mwake. Mahali pawili nilitaka kubadilisha pasipohusika, akanizuia na kunieleza kwa nini. Nimesoma chuo miaka mitatu, lakini siku ile ndiyo nilielewa kumbukumbu ya kompyuta inavyokaa.

Tukabuild upya, safari hii 64-bit. Akauliza kuna warning ngapi. Nikamwambia hakuna hata moja. Akaniambia nihesabu tena.

Nikahesabu. Hakuna.

Akanielekeza niandike juu kabisa ya lile faili: "Anwani zilihifadhiwa vibaya. Kosa la Ng'wandu. Limesahihishwa Bukene na Ng'wandu pamoja na mwanafunzi wake." Nikajaribu kulitoa lile neno kosa. Akasema liache, atakayesoma baadaye ajue pa kuangalia.

Nilichojifunza, cha kwanza someni warning. Cha pili ni kigumu zaidi: nilichokiita heshima kilikuwa woga wangu. Nilishamhesabu mzee yule kuwa amemaliza kazi, kumbe kazi aliyokuwa nayo ndiyo ile niliyomficha.

Sasa kila Ijumaa wanafunzi wanampigia simu na kumsomea code zao. Wakikosea anawaambia papo hapo, nao wakimkuta amekosea wanamwambia. Wiki iliyopita binti mmoja alimbishia kuhusu RUDIA ndani ya RUDIA, na binti ndiye aliyekuwa sahihi. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akamwomba amsomee tena mstari ule.

Wenzangu, nanyi mmewahi kumficha mtu kosa lake mkidhani mnamstahi? Ikawaje? Na wataalamu wa C, kama mnaona pengine tulipoteleza, semeni. Nitamsomea.