Keki Isiyoshika Kijiti

Mtaani kwetu Tabata, ukitaka keki ya kipaimara au ya harusi utaelekezwa kwa Bernadeta, mama yake Erasmus. Alianza kuoka Erasmus akiwa chekechea, kwa sufuria na makaa ya juu na chini. Siku hizi ana oveni ya gesi inayojaza nusu ya jiko lake. Ni mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mwenyewe si mlaji wa vitu vitamu. Anachopenda ni kuwatazama wengine wakila. Anasimama mlangoni, mikono ameifuta kwenye kanga, macho kwenye midomo ya watu, na ukimtazama utadhani anasikiliza redio ya mbali.

Nyumbani kwao keki ya Krismasi hailiwi kimya kimya. Wakirudi misani, kabla ya pilau, inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinachomekwa kijiti cha meno, na watu wanalishana. Baba anamlisha mama, watoto wanawalisha wazazi, wageni wanawalisha wenyeji. Aliyekuwa akiifurahia shughuli hiyo kuliko wote ni mume wake, mzee Wilfred, seremala aliyestaafu kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Alikuwa anafumba macho na kuachama kama anayetaka kumeza sahani, na wajukuu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kisha akaambiwa ana sukari. Krismasi iliyofuata, Herieth, mke wa Erasmus, alimwendea na kijiti chake kama kawaida. Mzee akafumba macho, akafungua mdomo. Kutoka upande wa pili wa sebule Bernadeta akasema, "Herieth, usimpe baba. Ana sukari."

Mzee akafunga mdomo. Akafumbua macho, akasema asante mwanangu, akatoka kukaa barazani. Bernadeta alikuwa amesema kweli, na mwaka mzima hakupata neno ambalo angelisema badala yake. Lakini mara nyingi, akiwa anapaka krimu keki za watu, alikiona kile kinywa kilivyofungwa.

Desemba ya mwaka huu ilipoanza, Wilfred akasema siku ya Krismasi ataenda Mabibo kwa mdogo wake, Petro.

"Kwa Petro kuna nini?" mkewe akauliza.

"Kuna kiti."

"Na hapa hakuna viti?"

"Vipo, Mama Erasmus. Nyie kateni keki yenu kwa amani. Mie nitarudi jioni."

"Na nikioka unayoweza kula?"

"Keki ya mgonjwa? Mniwekee kisahani changu pembeni, na mfuniko juu? Hapana."

"Haitakuwa ya pembeni. Itakuwa moja, tutakula wote."

Wilfred akacheka. "Erasmus ale keki haina sukari? Haya. Tutaona."

Katika nyumba ile, tutaona ya mzee maana yake mara nyingi ni hapana. Bernadeta aliichukua hivyo hivyo, akaanza kazi.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki alikuwa amemweleza kwamba unga wa ngano wenyewe ni tatizo kama sukari ilivyo, kwa sababu ya wanga, na kwamba lozi zina wanga kidogo. Akanunua lozi. Akazitia kwenye blenda na maganda yake, akaiacha izunguke huku akihudumia mteja getini. Aliporudi akakuta uji mzito wa kahawia unaong'aa mafuta. Akamwita Chausiku, jirani yake, mtu wa pwani ambaye kila Idi watu humtafuta kwa vileja na halua.

Chausiku akachungulia ndani ya jagi. "Umetengeneza siagi, shoga. Paka kwenye mkate."

"Mkate haruhusiwi."

"Basi paka miguu."

"Chausiku, niko siriasi. Mie mtu wa Masasi nahangaika na lozi, wakati kwetu korosho tele."

"Mtaalamu kasema korosho?"

"Kasema lozi."

"Basi korosho mpelekee shemeji yako Petro. Chemsha maji."

Wakaziloweka lozi, wakazimenya kwa kuzibonyeza kati ya vidole, zikawa zinaruka kama vyura na wao kuzifukuza mezani. Wakazianika juani kwenye ungo. Zilipokauka Chausiku akamwonyesha kusaga kidogo kidogo, anabonyeza na kuachia, kisha anachekecha. Safari hii ukatoka unga mweupe, mwepesi. Badala ya sukari walitia stevia, unga mtamu wa majani usiopandisha sukari, kiasi cha kuhesabika, maana ikizidi inaacha uchungu ulimini. Halafu wakafika kwenye viungo: mdalasini, tangawizi kavu, kungumanga iliyokunwa papo hapo.

"Iliki tia kama vile huna adabu," Chausiku akasema.

Ya kwanza ilitoka bapa kama chapati. Ya pili Bernadeta akapiga ute wa mayai peke yake mpaka ukasimama, akaushusha taratibu kwenye unga, na keki ikainuka. Wakala wima pale pale jikoni, kwa vijiko, ikiwa bado ya moto. Jabiri, mume wa Chausiku, aliyefuata harufu, akamaliza kisahani chake, akamaliza na cha mkewe, akasema, "Sijaelewa kilichopungua humu ndani." Bernadeta alilala vizuri siku hiyo.

Asubuhi ya Krismasi walienda misani wote. Walipotoka, Wilfred alisimama kidogo kwenye kijiwe cha bodaboda, akiwa kama anamtafuta mtu. Bernadeta aliogopa kwamba neno lolote lingemsukuma aende. Mwishowe mzee akafuatana nao, lakini alipofika nyumbani hakuingia. Alikaa barazani na Jabiri, kofia kichwani, kama mtu anayepita tu.

Sebuleni keki ikawekwa mezani, ya rangi ya dhahabu, imepambwa kwa lozi nzima nzima. Bernadeta akaikata. Herieth akachomeka kijiti kwenye kipande cha kwanza, akakiinua. Nusu ikaanguka kwenye sahani, nusu kwenye zulia. Akachukua kingine, kikapasuka katikati. Cha tatu kilibaki unga tu, kijiti kikiwa kimesimama wima kama nguzo ya umeme.

"Mama, hii ishu," Erasmus akasema. "Keki imegoma."

Watoto wakacheka. Bernadeta hakucheka. Ngano ndiyo inayoshikilia keki, na humu hapakuwa na ngano. Alilijua hilo miaka yote ya kazi yake, ila pale jikoni walikula kwa vijiko na hakuna aliyekumbuka kijiti. Akatazama mlangoni. Mzee alikuwa amegeuka anawaangalia.

"Leteni vijiko na visahani," Bernadeta akasema kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. "Kila mtu ale chake."

Wilfred akainuka. Herieth alidhani anaondoka, akaweka kijiti chini amfuate. Mzee akaingia ndani.

"Vijiko vya nini?"

"Haishiki kijiti, Baba Erasmus."

"Kwani mie nilizaliwa na kijiti?" Akasogea mpaka mezani. "Nipe kwa mkono."

"Sasa tupange foleni kama komunyo?" Erasmus akauliza.

"Nyamaza wewe. Unatoka kanisani saa hii hii."

Bernadeta akachukua kipande kwa vidole vitatu, kiganja cha pili akakiweka chini ya kidevu cha mumewe kupokea makombo. Mzee akafumba macho, akaachama. Akatafuna polepole. Sebule nzima ikamsubiri.

"Iliki," akasema.

"Imezidi?"

"Sijasema imezidi."

Herieth naye alikuwa ameshachukua kipande, amekilalisha kiganjani. Lakini hakwenda kwa mzee. Alimtazama kwanza mama mkwe wake, akasimama hapo hapo, kama mtoto anayesubiri ruhusa ya kutoka nje. Erasmus akaacha utani. Na mzee, aliyeona Herieth alivyomtazama mkewe, akakunja midomo.

"Herieth," Bernadeta akasema, "unamcheleweshea nini? Mlishe baba yako."

Wilfred akaachama kuliko kipande kilivyohitaji. Wajukuu wakapiga kelele. Jabiri akaingia bila kuitwa, akasema wageni kwa kawaida hulishwa mapema, akalishwa, na Chausiku akaitwa kwa kupigiwa ukuta. Mtoto mdogo kuliko wote alilalamika kwamba haina utamu wa kutosha, kisha akarudi kwenye foleni.

Mwisho mzee akachukua kipande kikubwa cha kona, akamgeukia mkewe.

"Kidogo, baba. Unajua mie si mtu wa vitamu."

"Fungua."

Akafungua. Makombo yakamwagika kwenye kitenge chake kipya, mengine shingoni, na alipotaka kusema kitu hakuweza, kinywa kimejaa. Wilfred akavua kofia, akaitundika, akavuta kiti.

Herieth akauliza kama alete pilau sasa.

"Subirini," mzee akasema. "Mwacheni amalize kutafuna."