Riwaya Nne za Kumpelekea Mama Kisangani

Niliondoka Butembo kwa sababu mbili zilizopingana. Mama, anayeuza vitenge Kisangani, alikuwa amepiga simu akiomba nimpelekee riwaya mpya. "Zenye kuongea familia, kazi na mapenzi," alisema. "Za polisi, hapana." Kaka yangu Kambale naye alinituma jambo jingine. Tulikuwa tumesikia kwamba mama, mjane kwa miaka kumi na moja sasa, anataka kuolewa na fundi wa mitumbwi wa Lubunga, ng'ambo ya mto.

"Umwambie arudie nyumba," Kambale aliniagiza. "Mutu wa mto, nani anamujua?"

Basi liliondoka alfajiri. Siku hiyo ya kwanza, njiani kuelekea Mambasa, nilisoma riwaya moja nzima: mwalimu anarithi karakana ya baba yake, anampenda fundi aliyemkuta humo, na ndugu zake wananuna. Niliwachukia wale ndugu mpaka ukurasa wa mwisho, wala sikujiuliza mimi mwenyewe nakwenda kufanya nini.

Baada ya Nia-Nia barabara ilikuwa tope tupu. Tulishushwa mara tatu ili basi lisukumwe. Jirani yangu, mama mmoja muuza maharage, aliazima riwaya ya pili na kukataa kuirudisha hadi Bafwasende, macho yakiwa mekundu.

Siku ya nne, saa nane mchana, tuliingia Kisangani. Mama alinipokea dukani kwake akiwa amevaa miwani mipya na, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, hereni. Alizipekua riwaya zote nne kabla hajaniuliza habari za wajukuu.

Jumapili, baada ya misa, tulivuka mto kwa mtumbwi wa mashine. Ng'ambo, Lubunga, mzee mwenye mvi na mabega mapana alikuwa akichonga gogo kwa tezo. Huyo ndiye fundi mwenyewe, papa Bolamba. Alitupakulia lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, tukala. Kisha mama akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akafungua riwaya na kuanza kusoma kwa sauti huku papa Bolamba akirudi kwenye gogo lake. Nikaelewa kwamba ndivyo wanavyofanya kila Jumapili.

Alifika mahali ambapo mjane anawaficha watoto wake habari za mchumba. Papa Bolamba akaweka tezo chini.

"Huyu mwanamuke anakosea," alisema. "Batoto yake iko bakubwa. Abaambie."

"Atabaambia namna gani, kama banakuya na hasira?" mama alijibu bila kuniangalia.

Sikuweza kunyamaza tena. "Mama, Kambale amenituma nikurudishe nyumbani."

Alifunga kitabu, kidole kikabaki kwenye ukurasa. "Miaka kumi na moja niko nafanya kazi, nikabasomesha ninyi bote, hakuna mutu alikuya kunirudisha. Donc leo nimecheka kidogo, ndiyo munakumbuka nyumba?"

Papa Bolamba alijipangusa mikono taratibu.

"Mama, batoto iko na haki, hawanijue," alisema. Kisha akanigeukia. "Alors, nitaenda mwenyewe. Masika, basi yako inatoka siku gani?"

Alhamisi tuliondoka wawili, yeye akiwa na koti lake la misa na furushi la samaki wa moshi. Mama alibaki dukani. Barabara ilimtapisha mzee huyo wa maji hadi Bafwasende. Milima ya kwetu ilipojitokeza, alichungulia dirishani muda mrefu, kisha akaniuliza kwa huruma, "Sasa mto yenu iko wapi?"

Butembo, Kambale alifungua lango, akatazama nyuma yetu. "Mama iko wapi?"

"Kazini," nilimjibu.

Papa Bolamba alivua kofia. Alitaja jina lake, la baba yake, na kijiji chao karibu na Yanonge. Alisema mke wake alifariki, na kwamba yeye kusoma hajui vizuri. "Muniulize yote," alisema. "Niko na siku tatu."

Tulimuuliza yote, naye akajibu yote bila kuficha. Siku ya tatu Kambale alimpigia mama simu: "Mama, unapenda arusi ifanyike huku ao kule?" Tukamsikia mama akimwomba mteja asubiri kidogo.

Safari hii imenifunza kwamba nilimjua mama anayefanya kazi tu. Sikuwa nimewahi kumwona mama anayengojewa na mtu kila Jumapili.