Kibao cha Mkono wa Constantin

Ilikuwa mwaka wa sitini na moja. Hapana, nasema vibaya: sitini na moja ni mwaka wa vita vilivyouharibu ule mkono. Treni ya Kasai ilikuwa sitini na mbili, wakati wa baridi, maana nakumbuka Constantin alivaa koti.

Constantin alikuwa mshonaji, mtu wa Kongolo, jirani yangu hapa Kenya, mtaa wa kwetu Katanga, si ile nchi. Mimi nilipiga pasi kwenye baraza yake. Pasi ya makaa, siku hizi hata siioni. Yangu sijui nani aliichukua. Basi, siku ya mabomu kipande cha chuma kilimpiga mkono wa kuume, nyuma, juu ya kiwiko. Kidonda kilipona, lakini kiganja kilibaki kinaning'inia kama nguo yenye maji.

Infirmier, muuguzi wa dispensaire, alimwonyesha. "Angalia, Papa. Vidole viko vizima. Lakini kamba za kuvifunga zinapita hapa kwenye kifundo cha mukono. Kifundo kikianguka, zinalegea, na zile za mugongo wa mukono zinavuta vidole vifunguke. Sasa nakiinua hivi. Shika kidole changu."

Constantin akashika.

"Yo! Unataka kukivunja?"

Akamfungia kibao cha mti chini ya mkono, kifundo kikae juu kidogo. Kwa kibao kile Constantin alishika makasi tena, akakata kitambaa, polepole.

Shida ilikuwa bibi yake. Victorine alikuwa Muluba wa Kasai, na wakati huo Katanga ilipojitenga na kuwa na bendera yake, watu wa Kasai walifukuzwa majumbani. Wazazi wake walikimbilia kambi ya wakimbizi, kwenye askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa, naye akawafuata awatunze. Halafu tukasikia kambi itarudishwa Kasai kwa treni. Constantin alitaka jambo moja tu, Victorine abaki.

Wakwe hakuwaambia habari ya mkono, wala Victorine, aliyekwenda kambini kabla ya siku ya mabomu. Mshonaji bila mkono, wangesema binti yao atakula nini? Siku tulipokwenda kambini, alivua kibao akanipa nikifiche. Akamsalimu mkwewe, Papa Tshibangu, kama desturi yetu inavyotaka: mkono wa kuume mbele, wa kushoto ukiushika kwa chini, ndiyo heshima. Ila wa kushoto ulikuwa unainua kifundo, mzee hajui.

"Mukwe, unanishika kama unafunga mbuzi wa soko!"

"Ni furaha, Papa."

"Furaha gani, humu mahemani?" Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. "Binti yangu analia pande zote mbili. Mimi simuzuii. Siku ya treni, kama unamutaka, njoo umushushe kwa mukono wako, bantu wote wakiona. Ukimuachilia, nitajua humutaki."

Asubuhi ya treni nilimpa kibao. "Constantin, vaa."

"Mbele ya wakwe? Ah non! Mimi si kilema, ndugu." Akavuta mikono ya koti ikafunika vidole.

Stesheni ilijaa watu na magodoro. Victorine alisimama kwenye mlango wa behewa, baba yake nyuma yake. Alipomwona mumewe alicheka na machozi usoni. "Pokea valizi, nashuka!" Constantin akaipokea, sanduku la nguo zake, kwa mkono wa kushoto. Victorine akanyoosha wake, naye akampa wa kuume, peke yake, bila kitu cha kuuinua. Wakashikana. Treni ikashtuka. Nilikiona kifundo kikianguka, na vidole vikifunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Victorine aliangalia mkono wake mtupu. Baba yake akamdaka asianguke, akamrudisha ndani.

Constantin alitupa valizi akakimbia kando ya treni. Alikuwa ameushika mkono wa kuume kwa wa kushoto, kauinua, kaunyoosha kwa Victorine aushike. Mimi nilijua anafanya nini. Lakini mtu wa kwetu akiona hivyo, anaona salamu. Papa Tshibangu aliona mkwe anayeaga kwa heshima. Akapiga makofi polepole, kama tunavyoitikia, akainamisha kichwa. Treni ikaenda.

Tangu hapo Constantin hakuvua kibao, hata kulala. Valizi aliiweka chini ya meza ya mashini, hakuifungua. Mteja akimpa mkono, alimtolea kiwiko. Jioni tulikaa kwenye baraza, mimi na pasi yangu, yeye na makasi yake. Amekufa miaka mingi sasa, na baraza ile wameifanya duka la simu.

Mimi bado nazunguka. Nikikuta mtu anayetoka Kasai, sokoni ama kanisani, namwuliza kama anajua ukoo wa Tshibangu, waliorudi kwa treni, wenye binti Victorine. Wengine wanasema ndiyo kwa kunifurahisha. Halafu nauliza lile lingine: je, kuna mtu aliyemwambia Victorine kwamba ule haukuwa mkono wa kuaga?