Tairi Nne za Chebet

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya tairi mjini Kericho, sikupewa hata spana. Foreman alinisimamisha mbele ya tairi mbili za gari la mbio akaniuliza nzima ni ipi. Nikaonyesha ile yenye meno marefu, yale yanayofukuza maji barabarani.

"Hiyo ndiyo itakuua," akasema. "Piga ukucha."

Ukucha wangu ukateleza kama nimekwaruza kwato. Kwenye ile nyingine, iliyoisha nusu, ukazama kidogo, alama ikabaki.

Naeleza haya kwa sababu vijana wenye magari ya kasi hawapendi kuyasikia. Tairi ya mbio hutengenezwa kwa mpira laini ili ishike lami, na ulaini huohuo unaifanya iishe haraka. Tena kila ikichemka kwa mwendo na kupoa, mpira unakauka kidogo. Jua na hewa humalizia kazi hata gari likiwa limelala. Meno yanaweza kubaki yote na mshiko ukawa umekwenda zamani, na kwa hizi mvua zetu za alasiri utajua ukiwa tayari mtaroni.

Baadaye nilihamishiwa Sotik, chini ya meneja mmoja mkali kama pilipili. Aliniudhi sana yule mtu. Lakini alikataza kabisa kupaka mafuta tairi kuukuu ili zing'ae. "Mnaficha nyufa!" alikuwa akifoka. Huku kwetu, kabla ya sherehe, kila mtu hupaka.

Ndivyo alivyofanya Kiprono, mchumba wa binti yangu Chebet, siku ya koito, wazee walipokuja kupatana mahari. Alileta gari la kasi ambalo hulitoa kwa sherehe tu, tairi zikimeta. Baada ya chakula angempeleka Chebet hadi Chepilat, akamsalimie nyanya yake. Mawingu yalikuwa yameshashuka. Nikainama nikapiga ukucha. Ukateleza.

Wazee walipouliza kama baba ana neno la mwisho, nikasema, "Punguzeni ng'ombe mmoja. Mniletee tairi nne mpya za hiyo gari. Kabla zifungwe, Chebet hapandi."

Msemaji wao alicheka akashika mbavu. "Mzee, siku hizi gari pia inalipiwa mahari? Si hizo tairi ziko na meno zote!"

"Meno ziko. Kushika ndio hakuna. Kujeni muguse."

Kiprono alikasirika, nilimwona usoni. Hata hivyo alitoka kwenye mvua iliyokuwa imeanza, akainama, akapiga ukucha mwenyewe. Aliporudi hakunitazama.

"Ng'ombe abaki," akasema. "Na tairi nitaleta."

Sasa nimestaafu, niko Kaplong na majani chai yangu kidogo, na yule ng'ombe namkamua mwenyewe. Mikono imekuwa migumu. Kuna siku nakaa nikihisi kazi ilinisahau upesi mno, na inaniuma.

Juzi Chebet na Kiprono walikuja, mtoto wao amefungwa mkanda kiti cha nyuma. Kiprono alizima gari, na kabla hata ya salamu akaniita:

"Baba, kuja upige ukucha."

Nikapiga. Ukazama.